Neno «outspoken»: mtu asiyemeza neno, na usalama wa kazi



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kaske, viatu, glavu, vumbi na umeme. Leo tutasema juu ya chombo kingine cha usalama. Kila mfanyakazi anakibeba kila siku, wala hakupewa magazini: ni kinywa chake. Tutakisoma kwa njia ya neno moja la Kiingereza, ndilo «outspoken».

Mtu atauliza: «Kiingereza kinatuhusu nini, sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili na Kifaransa?» Kinatuhusu. Katika migodi ya Katanga Kiingereza kimeandikwa juu ya mashini na ndani ya vitabu vyake. Kinasemwa na mafundi wanaotoka Zambia, Afrika ya Kusini na Australia. Watoto wetu wanakifundishwa shuleni. Tena neno lenyewe linaonyesha jambo ambalo limeokoa watu wengi, na ambalo, likikosekana, limeua watu wengi.

1. NENO LIMEJENGWA NAMNA GANI

«Outspoken» ni maneno mawili yaliyounganishwa. «Out» ni inje. «Spoken» inatoka katika «speak», maana yake kusema. Basi picha yake ni neno lililotoka inje ya kinywa, halikubaki tumboni. Kwa kulitamka, weka nguvu ya sauti katikati, kwenye «spo».

Hapa wanafunzi wengi wanakosea. «Spoken» peke yake ni «iliyosemwa». Kwa hiyo mtu anaweza kudhani «outspoken» ni yule anayesemwa na watu. Sivyo. Ni yule anayesema mwenyewe, waziwazi, bila kuficha. Si msemwa, ni msemaji. Waingereza wana maneno mengine ya namna hiyo: «soft-spoken» ni mtu wa sauti ndogo na ya upole, «well-spoken» ni mtu anayesema vizuri.

Angalia sana: «outspoken» haisemi kitu juu ya ukubwa wa sauti. Mtu anaweza kuwa «soft-spoken» na «outspoken» pamoja: sauti yake ni ndogo, lakini neno lake ni wazi. Mwingine anapiga kelele siku nzima, na neno lenye kufaa halimtoki hata moja.

2. SIFA AO LAWAMA?

Neno hili lina pande mbili kama shoka. Mwingereza akisema mtu ni «outspoken», pengine anamsifu: huyu ni mkweli, ana moyo, haogopi. Pengine anamlaumu kidogo: huyu hapimi maneno yake, anauzi watu. Ni maneno yanayofuata ndiyo yatakuonyesha upande gani. «Outspoken and honest» ni sifa, kwani «honest» ni mwaminifu. «Too outspoken» ni lawama, kwani «too» ni kupita kiasi.

Kifaransa nacho kinasema juu ya mtu mwenye «franc-parler», na mara nyingi ni sifa yenye kuchekesha kidogo. Katika Kiswahili hatuna neno moja tu la kulitafsiri. Tunasema: msema kweli, mtu asiyemeza neno, mtu asiyezunguka. Na wazee wetu walijua kwamba tabia hiyo ina bei yake. Walisema: msema kweli hukosa rafiki. Lakini walisema vilevile: mficha ugonjwa, kifo humwumbua. Shikeni mezali zote mbili, kwa maana somo letu la leo liko katikati yake.

3. NDUGU NA JIRANI WA NENO HILI

Usichanganye maneno yafuatayo:

— «Speak up» ina maana mbili. Ya kwanza ni kupandisha sauti. Mko karibu na mashini ya kuponda mawe, mwenzako hasikii, anakuambia «Speak up!» Hakukasirika, anaomba tu sauti kubwa. Maana ya pili ni kusema jambo ambalo wengine wanalinyamazia. Ukiona «Speak up» juu ya kibao cha usalama, ni maana hii ya pili: umeona hatari, iseme.

— «Speak out» ni kusema mbele ya watu wote, mara nyingi kupinga jambo lisilo haki.

— «Frank» ni mkweli, mnyofu. Ni ndugu wa neno la Kifaransa «franc». Ni sifa karibu sikuzote.

— «Blunt» ni neno la kisu kisichokata, kisu butu. Mtu «blunt» anatupa neno jinsi lilivyo, bila kulilainisha. Anaweza kuwa na haki, lakini anaumiza.

— «Rude» ni mtu asiye na adabu. Hapa tumekwisha kutoka katika ukweli na kuingia katika matusi.

Basi mtu «outspoken» anasimama kati ya mwoga na mtukanaji. Mwoga anameza neno. Mtukanaji anatema neno na mate pamoja. Mwenye kusema wazi anatoa neno lenyewe, kwa mtu anayehusika nalo, kwa saa inayofaa.

4. KILIMA CHA ABERFAN

Aberfan ni kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe katika inchi ya Wales, Uingereza. Takataka za mgodi zilikuwa zikitupwa juu ya mlima, juu ya kijiji. Watu wa Lubumbashi wanajua terili yao, kilima kile cha mabaki ya tanuru. Lakini mabaki ya tanuru ni magumu kama mawe. Kile cha Aberfan kilikuwa cha udongo na vumbi la makaa vyenye kulowana maji. Kilima cha namba 7, kilichoanza mwaka wa 1958, kiliwekwa juu ya chemchemi. Chini yake kulikuwa na shule ya watoto.

Je, hakuna aliyesema? Walisema. Mwaka wa 1963 ingenieri wa baraza la mji aliandika barua juu ya hatari ya matope yale yaliyotupwa nyuma ya shule. Mwaka wa 1964 mama mmoja wa baraza, Gwyneth Williams, alisema kwamba kilima kikisogea, shule yote inaweza kuwa katika hatari. Mwaka wa 1965 wamama walipeleka malalamiko juu ya maji machafu yaliyokuwa yakifurika shuleni. Barua zilikwenda kutoka biro moja mpaka biro nyingine. Kilima kiliendelea kupanda.

Siku ya Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966, asubuhi mapema, wafanyakazi wa pale juu waliona kwamba kichwa cha kilima kimezama. Telefone haikuwako. Mmoja wao alishuka kwa miguu kwenda kupasha habari. Jibu lilikuwa kwamba siku hiyo wasitupe tena takataka. Watoto walikuwa wamekwisha kuingia darasani wakati kilima kiliposhuka. Walikufa watu 144. Kati yao 116 walikuwa watoto.

Baraza la uchunguzi lilitoa neno lake mwaka wa 1967. Lilisema kwamba kosa lilikuwa la shirika la serikali la makaa ya mawe. Lilieleza kwamba watu wale hawakuwa waovu. Walikosa ujuzi, na walikosa kupashana habari. Mwaka wa 1969 Uingereza iliweka sheria mpya juu ya vilima vya takataka za migodi.

Funzo letu ni nini? Kwanza, kusema mara moja hakutoshi kama neno halikumfikia mwenye uwezo wa kusimamisha kazi. Pili, wamama wa kijiji waliona mambo ambayo wakubwa wa mgodi hawakuyaona. Tatu, masikio yaliyozibwa yanaua sawasawa na kinywa kilichofungwa.

5. MAINGENIERI WALIOSEMA «HAPANA»

Mfano wa pili unatoka Marekani. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga kiitwacho Challenger kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka. Watu saba waliokuwa ndani walikufa. Kisa chake kilikuwa mviringo wa mpira wenye kuziba maungio ya roketi. Baridi ya asubuhi ile iliukaza mpira, ukashindwa kuziba, moto ukapita.

Ingenieri mmoja wa kompani iliyotengeneza roketi hizo, Roger Boisjoly, alikuwa ameandika barua tarehe 31 Julai 1985, miezi sita mbele, kuonya kwamba mviringo ule unaweza kuleta msiba. Usiku wa kuamkia safari, yeye na wenzake waliomba kwa telefone safari isimamishwe juu ya baridi. Mara ya kwanza wakubwa wa kompani waliwaunga mkono. Kisha walisukumwa, wakageuza neno lao.

Boisjoly alikuwa «outspoken» kwa maana nzuri kabisa. Hakutukana mtu. Alileta picha, alionyesha mapira yaliyoungua katika safari za mbele, aliandika tarehe. Hata hivyo hakusikiwa. Tunasema jambo hili wazi ili mtu asidhani kwamba kusema kunashinda sikuzote. Lakini ushuhuda wa watu kama yeye ndio uliosaidia tume ya uchunguzi kujua mambo yalivyokwenda, na mviringo ule ukatengenezwa upya kabla ya safari nyingine kuruka. Neno lililosemwa na kuandikwa halifi bure.

6. KWA SABABU GANI TUNANYAMAZA?

Tusiwalaumu wanaonyamaza kabla ya kujua sababu zao. Ya kwanza ni heshima: kijana anaona vibaya kumrudisha mtu anayeweza kuwa baba yake. Ya pili ni woga wa kupoteza kazi, zaidi kwa mwenye mkataba mfupi. Ya tatu ni haya: «Nikisema mwamba utaanguka na haukuanguka, watanicheka.» Ya ine ni mazoea: «Tumepita hapa mwezi muzima, hakuna kitu kilichotokea.»

Sababu hizi zote zinaeleweka. Lakini mwamba hauna heshima, wala hausomi mkataba. Ukigonga paa kwa mtaimbo na sauti ni tupu kama ya ngoma, mwamba umeachana na wenzake. Unaweza kuanguka leo, unaweza kuanguka kesho kutwa. Na kucheka hakuumizi mtu kama jiwe.

Juu ya heshima, tujue hivi: kumheshimu mkubwa ni pamoja na kumlinda asikosee. Mtoto anayemwona baba yake anakanyaga nyoka na ananyamaza kwa heshima, amemheshimu nani?

7. NAMNA YA KUSEMA

Neno la hatari liwe na vipande vine: nimeona nini, iko wapi, inaweza kuleta nini, ninaomba nini. Sikiliza mfano huu wa kijana na kapita wake, kwanza kwa njia mbaya.

— Baba kapita, kule mbele... sijui... si vizuri sana.
— Kitu gani si vizuri?
— Hapana, baba. Labda ni mimi tu.

Kapita hakuambiwa kitu. Ana haraka, ataendelea na kazi. Sasa kwa njia nzuri:

— Baba kapita, nisamehe, nikusimamishe kidogo. Nimeona tundu moja la baruti ambalo halikulipuka. Liko upande wa kushoto, chini, karibu na mita moja kutoka udongoni. Tukitoboa karibu nalo, litatuua. Ninaomba tusimamishe kazi, watu watoke, mpaka mtu wa baruti afike.
— Umeliona wewe mwenyewe?
— Ndiyo baba, nimeliona. Tundu la kushoto, chini.
— Vema. Wote watoke. Weka kizuizi, mtu asipite.

Kijana amesema kwa adabu. Hakupiga kelele. Lakini hakuacha nafasi ya mtu kusema baadaye «sikufahamu». Huyo ndiye «outspoken» tunayemtaka katika kikosi.

Kama kapita amekataa kusikia, rudia neno lako mara ya pili kwa maneno yaleyale. Akikataa tena, panda ngazi: shefu wa seksio, delege wa wafanyakazi, ao komite ya usalama na usafi. Andika tarehe na pahali. Usiende kwanza kulalamika kwenye bari. Pale neno lako litakunywewa na pombe, na hatari itabaki pahali pake.

8. NENO KWA MASHEFU

Shefu, mtu akikuletea habari ya hatari, jibu lako la kwanza linafundisha kikosi chote. Ukimcheka mmoja, umewafunga vinywa ishirini. Mshukuru mbele ya wenzake, hata kama baada ya kutazama umeona hakuna kitu. Kutembea bure dakika kumi si hasara. Kisha mrudishie habari: tumetazama, tumefanya hivi. Mtu asiyerudishiwa neno, mara ya pili hatasema.

9. NYUMBANI NA KWA MUGANGA

Mama, wewe nawe una sehemu yako. Ni wewe unayesikia kikohozi cha mzee usiku. Vumbi la mwamba wenye silika linaharibu mapafu polepole, na kovu lake halitoki. Mara nyingi mwanaume anamwambia munganga: «Mimi ni mzima», juu ya kuogopa kuondolewa kazini. Msindikize, na useme uliyosikia: tangu mwezi gani anakohoa, anachoka akipanda ngazi, anakonda.

Sema pia juu ya usingizi. Mzee ambaye hakulala, juu ya kilio ao mtoto mgonjwa, asipande juu ya kamio kubwa bila kumwambia shefu wake. Sema juu ya nguo za kazi zenye vumbi: zisikung'utwe ndani ya nyumba, karibu na watoto, ziloweshwe maji kwanza na kufuliwa peke yake.

Nanyi wazazi, msiwapige watoto wanaouliza maswali kwa adabu. Mtoto aliyezoeshwa kunyamaza nyumbani atanyamaza pia shimoni.

10. SI RUHUSA TU, NI WAJIBU

Shirika la Kazi la Dunia lilipokea mwaka wa 1995 Mapatano ya namba 176 juu ya usalama na afya katika migodi. Kifungu cha 13 kinasema kwamba wafanyakazi wana haki ya kutoa habari ya aksida na hatari kwa mwajiri na kwa serikali, haki ya kuomba ukaguzi, haki ya kujulishwa hatari za pahali pa kazi, haki ya kujichagulia wajumbe wa usalama, na haki ya kuondoka pahali penye hatari kubwa wanapokuwa na sababu ya kweli. Sheria za inchi zinapaswa kuhakikisha kwamba anayetumia haki hizo halipizwi kisasi.

Lakini somea mbele. Kifungu cha 14 kinamwambia mfanyakazi kwamba hatari asiyoweza kuiondoa mwenyewe, anapaswa kumjulisha mkubwa wake wa karibu mara moja. Basi kusema ni haki, na tena ni deni. Anayenyamaza anakaa na deni la wenzake.

11. MAZOEZI

Soma kwa familia, kila mtu ajibu.

a) Mfanyakazi anamwita shefu wake mjinga mbele ya kikosi. Je, ni «outspoken»?
b) Karibu na mashini yenye kelele, fundi Mwaustralia anakuambia «Speak up!» Anataka nini?
c) Mzee mmoja ana sauti ndogo sana. Katika mukutano anasema: «Kamba ya lifti ina nyuzi zilizokatika. Mimi siingii, na ninaomba mtu asiingie mpaka itazamwe.» Tumwite namna gani?
d) «She is an outspoken woman.» Je, maana yake ni mwanamke anayesemwa na majirani?

Majibu:

a) Hapana, ni «rude». Hakuonyesha hatari yoyote.
b) Anaomba upandishe sauti.
c) Ni «soft-spoken» na «outspoken» pamoja. Sauti ndogo, neno wazi.
d) Hapana. Ni mwanamke anayesema wazi bila kuficha. Kujua kama ni sifa ao lawama, sikiliza maneno yanayofuata.

Ndugu msomaji, kaske inalinda kichwa kimoja. Neno lililosemwa kwa saa yake linalinda kikosi kizima, na wale wanaokingojea jioni nyumbani. Kesho ukishuka shimoni ao ukiingia usine, tazama vizuri, na unaloliona, liseme.